Mzee wa Mnyororo

Kwanza niseme kwamba shati nililovaa kwenye ile filamu lilikuwa jipya. Watu wa filamu walipokuja San Eleuterio mwezi wa Aprili na kusema wanataka kunipiga picha nikifanya kazi zangu za kila siku, nilikwenda dukani nikachukua shati la buluu lenye kola, nikanyoa ndevu, nikavifagia viwanja vyote vinne mara mbili. Nilijua wanatengeneza filamu ya mfululizo juu ya Rocío Maidana, binti wa hapahapa kwetu, ambaye akiwa na miaka ishirini tu alikuwa ameshinda mashindano mawili makubwa ya tenisi huko Ulaya. Nilijua pia kwamba mimi si mtu wa maana katika habari hiyo. Lakini mtu akiniambia anataka kupiga picha viwanja vyangu, mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Nimekuwa mtunza viwanja wa klabu yetu kwa miaka thelathini na minne. Viwanja vyetu ni vya vumbi jekundu la matofali, na vumbi hilo lina matata kama mgonjwa wa muda mrefu. Likikauka sana linapeperuka. Likilowa linageuka tope, na mtu mmoja mwenye haraka akilikanyaga likiwa bichi anaacha mashimo ambayo nitayashindilia siku tatu kwa ile silinda ya chuma, huku kiuno kinaniuma na ninamtaja mama yake. Kwa hiyo klabuni kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaifuata. Kwenye mlango wa kila uwanja kuna mnyororo. Mvua ikinyesha, naufunga. Hakuna anayeingia mpaka nimeingia mimi peke yangu, nimekandamiza kisigino chini, nimetazama kama maji yanapanda, kisha nikaamua. Mwenyekiti akija, anasubiri. Askofu alikuja siku moja na kaptura yake, akasubiri. Nikisema umelowa, umelowa.

Filamu ilianza kuonyeshwa Julai, sehemu moja kila Jumapili, sehemu nne kwa jumla. Tulikubaliana tuitazame pamoja klabuni saa kumi alasiri, baada ya nyama choma. Pocha, mama anayeendesha mkahawa wa klabu, aliazima televisheni ya shemeji yake, kubwa kama mlango, tukapanga viti.

Sehemu ya kwanza ilikuwa sherehe. Kila barabara ya mji ilipotokea watu walipiga kelele kana kwamba hawakuwa wameipita asubuhi ileile.

"Mbwa wangu huyo! Mmemwona?"

"Tumemwona. Sasa ataanza kutudai heshima kama wewe."

Sehemu ya pili ilimwonyesha Rocío akiwa na miaka kumi na mbili huko Rosario, kwa kocha wake wa kwanza, akilala kwa shangazi yake na kupanda mabasi mawili kila siku kwenda mazoezini. Wanawake walifuta macho. Mwenyekiti wetu, Daktari Bengoechea, ambaye ni mganga wa meno na amewang'oa meno nusu ya watu waliokuwa ukumbini, alisimama akapendekeza uwanja namba moja uitwe kwa jina la binti huyo. Tukapiga makofi.

Kisha ikaja Jumapili ya tatu.

Rocío alikuwa amekaa juu ya kitanda cha hoteli, nywele zimelowa, miguu ameikunja. Alizungumza polepole bila kuitazama kamera. "Nilikuwa na miaka minane," alisema. "Jumamosi, sisi watoto tusio wa wanachama tuliruhusiwa kucheza baada ya saa tano, kama kuna uwanja mtupu. Nilifika. Mzee akafunga mnyororo mbele yangu akaniambia uwanja umelowa. Nikakaa kwenye nyasi. Baadaye kidogo wakaja watoto wengine, watoto wa wanachama, akawafungulia. Nikasubiri saa mbili nzima. Walipomaliza akafunga tena, akaniambia umelowa. Siku hiyo niliapa sitamwomba mtu yeyote uwanja tena."

Na juu ya maneno hayo, mabwana wale wa filamu walikuwa wamenipachika mimi. Mimi, na shati langu la buluu, nauvuta mnyororo taratibu, naufunga kwenye ndoano, nageuka naitazama kamera, natabasamu. Waliniambia nitabasamu.

"Wewe! Ni wewe huyo!" Pocha alisema, kana kwamba kuna ambaye hakuona.

"Uongo mtupu," Daktari Bengoechea akasema.

Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, na nilikiamini kwa moyo wote: "Mvua ilinyesha. Naikumbuka mvua ile. Iliingia mpaka kwa mwoka mikate."

Kufikia Jumatatu mchana nilikuwa maarufu. Sina simu ya maana, kwa hiyo Pocha ndiye aliyenisomea yale ambayo watu walikuwa wanaandika mtandaoni, ameegemea kaunta, miwani kwenye ncha ya pua.

"Huyu yuko Mexico. Anakutakia vidonda makalioni."

"Mexico? Amenijulia wapi?"

"Sasa anakujua, baba. Unajulikana kuliko mimi na mikate yangu ya nyama. Huyu hapa anakuita Mzee wa Mnyororo. Na huyu, ona, amekuweka pichani kwenye mlango wa mbinguni, Mtakatifu Petro anataka kuingia, wewe unamwambia umelowa." Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaniona uso, akaifunika simu kwa kitambaa cha sahani.

Siku iliyofuata nilikwenda mji wa jirani kupima macho. Mwanamke wa mapokezi alinitazama, akaitazama karatasi yangu, akanitazama tena. "Kaa hapo, Don," akasema. "Kiti hakijalowa." Nilirudi nyumbani bila kupima.

San Eleuterio si mji wa kukaa kimya. Watu wetu walijibu. Waliandika kutwa kucha, mpaka wale ambao hawajaandika hata barua ya salamu maishani mwao. Waliandika kwamba Rocío hana shukrani. Kwamba raketi yake ya kwanza alipewa na mke wa Daktari Bengoechea. Kwamba uwanja ulikuwa umelowa, ulizeni mtu yeyote. Mwalimu wake wa darasa la pili, mama wa watu aliyestaafu, aliandika kwamba mtoto huyo tangu udogoni alikuwa na mambo mengi kichwani ambayo hayakuwapo. Mtu mmoja aliandika, watu mia wakakubali, na nilipopita barabarani wanaume walitoka madukani kunishika mkono. "Tuko nawe, Don Evaristo." "Usijali, mzee, sisi tunakujua."

Nitasema ukweli, ilikuwa tamu. Miaka thelathini na minne nimeinamia ardhi na kuona miguu ya watu, na sasa nilikuwa naona nyuso. Nilianza kupita barabara kuu hata nisipokuwa na haja nayo.

Daktari Bengoechea aliandika barua. Ingetiwa sahihi na mji mzima na kupelekwa kwenye magazeti ya mji mkuu na kwa wale watu wa filamu, kutaka ile sehemu iondolewe. Sahihi ya kwanza ingekuwa yangu, Jumapili, mbele ya wote, kabla ya kutazama sehemu ya mwisho.

"Limebaki jambo dogo," aliniambia Alhamisi. "Zulma. Mama mzazi wa Rocío akisema uwanja ulikuwa umelowa, habari imekwisha. Wewe anakuheshimu. Nenda."

Nikaenda, tena kwa furaha. Doña Zulma alifua nguo za klabu kwa miaka kumi na minane: taulo zote, na zile nguo nyeupe za wanachama na watoto wao, ambazo alizichukua Jumatatu kwa mkokoteni na kuzirudisha Alhamisi zimekunjwa. Siku hizi hafui tena, binti yake amekataa. Alitaka pia kumnunulia nyumba mjini Rosario, lakini yeye ndiye aliyekataa hapo, na bado anaishi ng'ambo ya reli, kwenye nyumba ileile yenye ua mwembamba.

Nilimkuta jikoni anakunywa yerba, chai yetu ya majani machungu. Alinionyesha kiti. Akamimina maji ya moto ndani ya kibuyu, akavuta kwa bomba lake la bati mpaka kibuyu kikakoroma kwa kuisha maji, akamimina tena, akavuta tena yeye mwenyewe. Hakunipa. Nina miaka sitini na saba na sijawahi kukaa mbele ya mtu anakunywa yerba asinipitishie kibuyu. Kwetu hata ndugu walioshtakiana mahakamani juu ya shamba hupokezana. Nilijua hapo hapo kwamba ziara yangu haitakuwa fupi wala nzuri.

"Doña Zulma, nimekuja kuhusu mtoto."

"Ana miaka ishirini."

"Kuhusu maneno yake, basi. Unaikumbuka mvua ile?"

"Naikumbuka. Iliingia humu jikoni mpaka hapa." Alionyesha kifundo cha mguu. "Ijumaa. Lakini mimi sina neno na Ijumaa, Don Evaristo. Unajua nilikuwa nafanya nini Jumatatu?"

"Unafua za klabu."

"Soksi. Wewe unajua nini kuhusu soksi?"

Nikasema sijui chochote.

"Hujui. Basi nikwambie. Uwanja ukiwa umelowa, soksi zinakuja na tope limeingia kwenye nyuzi. Hilo halitoki kwa kusugua. Naloweka kwa sabuni ya mche tangu Jumatatu, nachemsha Jumanne, na bado zinabaki na rangi ya waridi na mama zao wananinunia. Uwanja ukiwa mkavu, ni vumbi tu. Nasimama uani, nakung'uta, linaruka, namaliza kabla sijapika." Akaweka kibuyu chini. "Jumatatu ile nilikung'uta. Jozi sita, zikiwemo za Ramiro, mwana wa Daktari Bengoechea, zile zenye mstari wa kijani. Nilisimama hapo nje nakung'uta, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, na mtoto wangu yuko hapa ulipokaa wewe, ananiambia mama, uwanja ulikuwa umelowa."

Nje jirani alikuwa anapiga misumari.

"Kwa nini hukusema?" nikauliza mwishoni, na nilipouliza nilijiona mjinga.

"Nimwambie nani? Mwenye soksi?"

"Mtoto je?"

"Sijamwambia mpaka leo." Sauti yake ilibadilika hapo, ikawa ndogo. "Ningemwambia, angeniuliza, mama, ulipojua ulifanya nini? Na mimi nilifanya nini? Nilizikunja mbili mbili nikazipeleka."

Nilirudi klabuni kwa miguu, nikaketi juu ya silinda yangu ya chuma kando ya uwanja namba mbili. Nilijaribu kuukumbuka uwanja wa Jumamosi ile na sikuukumbuka. Ningeitwa mahakamani ningeapa kwamba ulikuwa umelowa. Nilichokumbuka ni wiki iliyofuata. Wiki ile nilipaka rangi vyumba vya kubadilishia nguo, vyote viwili, na kuta za nje. Nakumbuka kwa sababu nilianguka kwenye ngazi. Sasa, watoto sita wakicheza saa mbili kwenye tope, mtunza viwanja hapati nafasi ya kupaka rangi. Yuko chini na silinda mpaka Ijumaa. Sikuwa nimeziba hata shimo moja.

Nikakaa pale mpaka nikaelewa jinsi nilivyokuwa nafanya, si siku ile tu. Asubuhi baada ya mvua, kuna saa moja au mbili ambapo uwanja si mkavu wala haujalowa. Unaweza kusema hivi, unaweza kusema vile. Akija mwana wa mwanachama, nakandamiza kisigino nasema, aa, unavumilia. Akija mtoto wa ng'ambo ya reli, nakandamiza kisigino kilekile nasema, bado, rudi baadaye. Hakuna aliyeniagiza. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kama mwenyekiti angeniambia wafungie, ningekuwa na mtu wa kumchukia. Lakini nilijua tu kwamba mwanachama akifika akakuta mtoto wa dobi uwanjani atanung'unika, nami sikupenda manung'uniko, kwa hiyo uwanja mmoja, saa ileile, ulikuwa mkavu kwa Ramiro na umelowa kwa Rocío. Na kila mara niliamini kisigino changu. Nilijiona mtu wa haki, mtu ambaye hata askofu anamsubiri. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto, mzee mzima nimekaa juu ya chuma.

Jumapili ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Barua ilikuwa juu ya meza, karibu na vikapu vya mkate. Daktari Bengoechea aliisoma kwa sauti yake nzuri: sisi wanachama na wakazi wa San Eleuterio tumesikitishwa, na kadhalika, uwanja namba mbili siku hiyo ulikuwa umelowa, na Don Evaristo Pedernera, mtumishi mwaminifu, alitimiza wajibu wake bila ubaguzi wowote. Walipiga makofi, wengine walisimama. Akaninyooshea kalamu.

"Siwezi kutia sahihi," nikasema.

"Umesahau miwani, mzee!" mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

"Miwani ninayo. Uwanja haukuwa umelowa."

Wale waliokuwa nyuma hawakusikia, wakaendelea kucheka kidogo, kisha wakaambiwa.

"Don Evaristo," mwenyekiti akasema kwa upole, ile sauti ya kukwambia haitauma, "miaka kumi na miwili imepita. Umeandamwa wiki nzima. Umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini watoto sita walicheza pale saa mbili nzima, na Jumatatu yake mimi nilikuwa napaka rangi vyumba vya kubadilishia nguo. Anayejua tope na alifikirie hilo." Jina la Zulma sikulitaja, kwa sababu hakuniruhusu.

Ramiro Bengoechea, ambaye sasa ni kijana mrefu anayesomea meno kama baba yake, aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Sikumbuki."

"Ulishindwa sita kwa mbili, ukalia. Una haki ya kutokumbuka."

Hakuna aliyecheka. Mke wa Daktari Bengoechea alisimama, mkono kifuani. "Kwa hiyo sasa watoto wetu ndio wabaya? Raketi nilimpa mimi! Mimi mwenyewe niliiweka kwenye furushi la nguo!"

"Ulimpa, Señora, na ulifanya vizuri. Watoto nao hawana kosa, walikuja kucheza wakacheza." Hapo nilihisi hasira inanipanda, na sikuizuia, ingawa sehemu kubwa ilikuwa ni juu yangu mwenyewe. "Lakini kila Jumamosi nyinyi wazazi mnakaa pale chini ya paa, mnazungusha kibuyu. Na Jumamosi ile mlikaa. Mliniona nafunga. Mliniona nafungua. Mliniona nafunga tena. Na mtoto alikuwa kwenye nyasi, katikati yenu na mimi, na raketi magotini. Mlidhani anasubiri nini?"

Kwa wiki nzima walikuwa wamenitetea. Nilizitazama zile nyuso zilizotoka madukani kunishika mkono, na nikaona kwamba hawakuwa wamemtetea Evaristo hata siku moja. Mtu mmoja akasema, washa televisheni basi. Pocha akaiwasha. Sehemu ya mwisho ilianza na watu wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakikumbuka ng'ombe, wakikumbuka wajukuu, na Rocío alipoinua kikombe chake kule Ulaya walikuwa wamebaki labda watu kumi na tano. Daktari Bengoechea aliikunja barua akaitia mfukoni bila kuniangalia.

Pocha aliniletea kahawa nikiwa napanga viti. "Umetuharibia Jumapili, mpumbavu wee," akasema. Alikuwa analia. "Mimi nilikuwa kaunta siku ile. Nilimpelekea glasi ya maji yule mtoto. Nikadhani nimefanya jambo la maana."

Barua ilipelekwa Jumatatu. Ilikuwa na sahihi mia na thelathini, na ikachapishwa magazetini Jumatano. Sikushangaa sana. Barabarani wanaume walirudi kuwa na kazi nyingi madukani.

Alhamisi asubuhi nilikuwa namwagia maji uwanja namba tatu nilipomwona Doña Zulma amesimama kwenye nyasi. Hakuwa amekanyaga klabuni tangu siku aliyoacha kufua. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na ameshika simu kwa mikono miwili.

"Pocha amenieleza," akasema. "Mwambie mwenyewe. Rocío yuko hapa kwenye simu, anasikia."

"Na wewe? Zile soksi?"

"Nitasema yangu ukimaliza. Anza wewe."

Nilifunga bomba la maji, nikapangusa mikono kwenye suruali. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Jumapili, maneno mazuri yenye mwanzo na mwisho, na nilipoiweka simu sikioni yote yalinitoka.

"Don Evaristo?" Ilikuwa sauti ileile ya kwenye filamu, ila karibu zaidi.

"Rocío. Uwanja ulikuwa mkavu."

Mahali alipokuwa, mtu alikuwa anapiga mpira ukutani, nikausikia mara nne, tano.

"Barua inasema umelowa," akasema. "Nimeisoma mara nyingi sana. Kuna majina humo ya watu walionipa pipi. Kuna mwalimu wangu. Nilitafuta sahihi yako sikuiona, nikadhani labda umekufa."

"Bado."

"Mama nilimuuliza, akalia tu, hakusema kitu. Watu wote hao hawawezi kukosea, ndivyo nilivyojiambia. Jana nimemwambia kocha tuwaombe wale wa filamu waitoe ile sehemu. Nilimwambia nilikuwa mdogo, pengine nililizua."

Zulma alikuwa ameketi kwenye benchi la wachezaji, anatazama viatu vyake. Sijui kama alisikia.

"Hukulizua," nikasema. "Nilikufungia wewe, nikawafungulia wao, nikakufungia tena. Hakuna aliyenituma. Ulikuwa mkavu."

Nilitaka kuomba msamaha na neno lilikuwa tayari mdomoni, lakini yeye alinitangulia.

"Rudia," akasema.

"Ulikuwa mkavu."

"Tena."

"Ulikuwa mkavu, mwanangu. Ulikuwa mkavu, na mimi nilijua."

Akaanza kulia, kwa sauti, bila kujizuia, kilio cha mtoto aliyekaa muda mrefu anangoja mtu mzima atokee. Zulma alikuwa ameinuka na kunyoosha mkono apewe simu aseme yake, nami niliendelea kuishika, kwa sababu binti alikuwa bado hajamaliza na sikutaka mtu amkatize.